Kubadilisha Breki za Dramu za Nyuma kwenye Kombi ya Zamani: Mwongozo Kamili

Wenye Kombi wanaokwama kwenye breki za nyuma hukwama mahali palepale. Shuu mpya (vipande vinavyobana dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) zimefungwa, wili silinda mpya (silinda ndogo za kila gurudumu zinazosukuma shuu) zimefungwa, chupa nzima ya mafuta ya breki imepita, na pedeli bado inazama. Upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mapaipu ya breki, unatolewa tena, pedeli inazama tena. Mwishowe inanunuliwa masta silinda mpya (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli), na ile ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Mara nyingi shida si upepo. Shuu hazikusetiwa. Breki za dramu za Kombi hazijiseti zenyewe kama za magari mengi ya siku hizi. Shuu zikikaa mbali na dramu, mafuta yote unayoyasukuma kwa mguu huishia kuziba nafasi hiyo, na pedeli hufika chini kabla breki haijashika. Kwa hiyo shika mpangilio huu tangu mwanzo: seti shuu kwanza, toa upepo baadaye, hendibreki iwe ya mwisho. Ukiupindua, utazunguka siku nzima.

Maelezo haya yanahusu breki za nyuma za Volkswagen Kombi yenye kioo kimoja cha mbele, zile za 1968 hadi 1979.

## Jua kwanza gari lako ni la aina gani

Kombi za 1968 hadi 1970 zina dramu iliyoungana na habu (kitovu cha gurudumu). Dramu hiyo haitoki mpaka ufungue nati kubwa ya ekseli, ya milimita 46.

Kuanzia modeli ya 1971, iliyoanza kutoka kiwandani Agosti 1970, dramu imetenganishwa na habu. Unatoa gurudumu, unafungua skrubu mbili ndogo, dramu inatoka, na nati ya ekseli huigusi.

Usiamini kadi ya gari peke yake. Kombi nyingi zimebadilishwa ekseli au habu kwa miaka mingi ya kutengenezwa huku na kule. Toa gurudumu uangalie kwa macho kabla ya kwenda duka la spea, kwa sababu upana wa shuu na kipenyo cha dramu navyo vilibadilika. Njia ya uhakika zaidi ni kwenda dukani na shuu ya zamani mkononi.

## Spea na vifaa

Nunua spea za magurudumu yote mawili ya nyuma hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Upande mmoja ukiwa mpya na mwingine umechoka, gari huvuta likishika breki, na kwenye barabara yenye mvua linaweza kugeuka.

Spea:

- Shuu nne za nyuma zenye bitana (tabaka linalosugua dramu)
- Wili silinda mbili
- Seti ya springi, pini na vikombe vyake
- Hozi mbili za breki za nyuma, kama zilizopo zina nyufa
- Mafuta ya breki DOT 3 au DOT 4, lita moja, kwenye chupa ambayo haijafunguliwa
- Spliti pini mpya (pini ya kuzuia nati isilegee), kwa magari ya nati ya 46

Kombi iliendelea kutengenezwa Brazil hadi mwishoni mwa 2013, ndiyo maana spea zake bado zinapatikana. Lakini spea ya Kombi ya Brazil haiingii moja kwa moja kwenye kila Kombi ya Ujerumani. Linganisha kwanza.

Vifaa:

- Jeki na stendi mbili za chuma
- Vizuizi vya magurudumu ya mbele
- Spana za 11 na 13, soketi ya 19, na spana ya nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye wili silinda (mara nyingi ni 7, ila wili silinda za viwanda vingine hutaka 8 au 9)
- Bisibisi bapa mbili, moja pana na moja nyembamba ndefu
- Plaizi, vaisgripi na nyundo
- Brashi ya waya, msasa, spiriti na matambara safi
- Mpira mwembamba wa kupitisha maji na chupa inayoonyesha ndani
- Grisi inayostahimili joto, kiasi cha ncha ya kidole
- Barakoa

Barakoa si pambo. Bitana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Usipulize dramu kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha vumbi kwa maji ya sabuni, lifute kwa tambara, kisha litie tambara hilo kwenye mfuko na kulitupa.

## Hatua ya 1: Inua gari

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Ziba magurudumu ya mbele kwa mbele na kwa nyuma, kwa sababu hendibreki utailegeza na gia itakuwa huru. Hakuna kingine kitakachozuia gari.

Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Kama lako ni la 1970 kurudi nyuma, toa spliti pini na ulegeze nati ya 46 sasa hivi, gari likiwa chini na mtu amekanyaga breki. Utahitaji bomba refu la kuongezea nguvu. Kuvuta nati hiyo gari likiwa kwenye stendi ni njia ya haraka ya kuliangusha.

Inua nyuma na uweke stendi zote mbili. Tofali hupasuka bila kutoa ishara, na injini yote ya Kombi iko nyuma. Lisukume gari kwa bega kabla ya kuingiza mkono chini. Likicheza, shusha upange upya.

## Hatua ya 2: Legeza kabla ya kutoa dramu

Hapa ndipo nyundo nyingi huanza kazi isiyo yake.

Dramu iliyotumika muda mrefu huwa na ukingo kwenye mdomo wake, kwa sababu shuu zimekula sehemu ya ndani na kuuacha ukingo kama ulivyo. Shuu zikiwa zimesukumwa nje, ukingo huo unazinasa. Ukigonga, unapinda bamba la breki (sahani ya chuma iliyo nyuma ya shuu) au unavunja pini.

Achia hendibreki kabisa. Ingia chini mbele ya gari, ulegeze nati za nyaya mbili za hendibreki mpaka nyaya zilegee. Kisha nenda nyuma ya gurudumu uchomoe vizibo vya mpira kwenye bamba la breki. Kupitia tundu, kwa tochi, utaona meno ya nyota ya kusetia, kigurudumu kinachosogeza shuu karibu au mbali na dramu. Kila shuu ina nyota yake. Zirudishe nyuma kwa bisibisi. Moja hugeuzwa kuelekea upande mmoja na nyingine upande wa pili. Ukiona dramu inazidi kukaza, umegeuza kinyume.

Nyota ikikataa, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, ujaribu tena. Usiivunje meno.

Umefanikiwa ukiona: dramu inazunguka kwa mkono bila kukwaruza.

## Hatua ya 3: Toa dramu

Kwa 1971 na kuendelea, fungua skrubu mbili. Zikishika kutu, weka bisibisi pana inayojaa kwenye mkato, piga kichwa chake nyundo moja nzito, ndipo ufungue. Bisibisi nyembamba itaumega mkato, na baada ya hapo utalazimika kutoboa.

Dramu ikiwa imeng'ang'ania habu, gonga kuzunguka sehemu ya uso iliyo kati ya bolti za gurudumu, si ukingo. Ukingo wa chuma cha kumwaga hupasuka.

Onyo: dramu ikishatoka, mtu yeyote asiguse pedeli. Pistoni za wili silinda zitaruka na mafuta yatamwagika juu ya kila kitu. Funga waya au mpira kuzunguka pistoni, na uweke karatasi kwenye usukani kumkumbusha atakayeingia.

## Hatua ya 4: Piga picha, kisha soma kilichomo

Piga picha kutoka mbele, pembeni na chini. Fungua upande mmoja tu kwa wakati. Upande wa pili uache mzima uwe ramani yako, ukikumbuka kwamba ni kinyume chake, kama unavyojiona kwenye kioo.

Sasa angalia kabla ya kufungua chochote.

Nyanyua kwa ukucha mdomo wa mpira wa vumbi kwenye wili silinda. Unyevunyevu kidogo si neno. Mafuta yakitiririka, silinda imekwisha. Angalia pia unyevu chini ya bamba. Ukiwa mwepesi na umebabua rangi, hayo ni mafuta ya breki. Ukiwa mzito, mweusi na wa kunata, hiyo ni grisi ya beringi inayopita kwenye sili ya habu. Usifunge shuu mpya juu ya sili inayovuja, utazitupa baada ya muda mfupi. Tengeneza sili kwanza.

Bitana zilizopigwa ribiti zikibaki na unene wa milimita 2.5 au chini, wakati wake umefika. Bitana iliyolowa mafuta haioshwi ikapona, hata ukiichoma au kuipiga msasa. Inatupwa.

## Hatua ya 5: Toa shuu za zamani

Shika kichwa cha pini kwa kidole nyuma ya bamba, bonyeza kikombe cha springi kwa plaizi, kizungushe robo, kitatoka. Fanya hivyo kwa shuu zote mbili.

Banua ncha za chini za shuu zitoke kwenye nyota, toa springi ya chini, kisha vuta shuu zote mbili pamoja na upau ulio katikati zitoke kwenye wili silinda. Chomoa waya wa hendibreki kwenye mkono wake.

Usitupe shuu za zamani. Mkono wa hendibreki umefungwa kwenye shuu ya nyuma kwa pini na kibanio kidogo, na shuu mpya nyingi huja bila mkono huo. Utauhamisha. Mkono wa kushoto na wa kulia havifanani, wala pau zake, kwa hiyo weka kila upande kwenye kopo lake. Watu wengi wamerudi kwenye pipa la takataka kutafuta kipande hiki.

## Hatua ya 6: Badilisha wili silinda

Safisha nati ya paipu kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza, subiri. Tumia spana ya 11 inayokaa sawasawa. Spana iliyolegea hulivuruga umbo la nati, kisha paipu linajipinda pamoja nayo na kukatika. Kama umeishi na gari Tanga, Mombasa au popote karibu na bahari, tegemea kutu hapa, na ununue paipu la akiba kabla ya kuanza.

Ziba mdomo wa paipu kwa kizibo safi cha mpira, fungua silinda kwa spana ya 13, weka mpya. Anza nyuzi za nati ya paipu kwa vidole kabla ya kukaza bolti za silinda, ili paipu liingie likiwa limenyooka. Nyuzi zikipandana, silinda mpya imeharibika.

Kagua hozi. Ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha. Hozi ya zamani inaweza pia kuvimba kwa ndani ikawa inaruhusu mafuta kwenda bila kuyaacha yarudi. Gurudumu linalobaki limeshika baada ya kuachia pedeli mara nyingi lina ugonjwa huo.

## Hatua ya 7: Dramu

Pitisha kidole ndani. Mikwaruzo myepesi inaondolewa kwa msasa. Mitaro inayonasa ukucha inataka kuchongwa kwenye mashine. Chonga zote mbili kwa kipimo kimoja, na fundi asivuke kipenyo cha juu kinachoruhusiwa kwenye kitabu cha gari. Dramu iliyochongwa kupita kiasi hupata joto haraka na hupasuka. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, nunua nyingine.

Osha hata dramu mpya kwa spiriti, maana huja na mafuta ya kuzuia kutu.

Usitumie petroli, dizeli wala mafuta ya taa kusafishia chochote chenye mpira wa breki. Hufanya mpira uvimbe, na mfumo mzima utaanza kuvuja.

## Hatua ya 8: Safisha nyota na bamba

Chomoa nyota zote mbili pamoja na skrubu zake. Piga brashi nyuzi, paka grisi kidogo, uzirudishe mpaka ndani kabisa. Nyota isiyozunguka ndiyo chanzo cha pedeli inayozama kwa miaka, kwa sababu kila fundi anaikuta imekwama na kuiacha.

Kwenye bamba kuna sehemu zilizoinuka ambapo ubavu wa shuu huteleza. Zisugue, paka grisi nyembamba hapo tu. Ikizidi, itayeyuka na kufika kwenye bitana.

## Hatua ya 9: Funga shuu mpya

Nawa mikono kwanza. Bitana haitaki alama ya grisi.

Hamishia mkono wa hendibreki kwenye shuu mpya ya nyuma na uhakikishe kibanio kimekaa. Mezani, unganisha shuu mbili kwa upau na springi ya juu ukifuata picha. Beba zote pamoja, ning'iniza waya wa hendibreki kwenye mkono, kisha ingiza ncha za juu kwenye mikato ya pistoni. Weka springi ya chini, halafu banua ncha za chini ziingie kwenye nyota. Malizia kwa pini na vikombe.

Simama hapa. Mkato kwenye kichwa cha skrubu ya nyota umekatwa mshazari, na ncha ya shuu nayo ni ya mshazari. Lazima vilale pamoja bila mwanya. Mkato ukigeuka kinyume, shuu inaegemea kona moja. Utaiseti vizuri ukiwa gereji, na baada ya kilomita chache itajipanga upya na pedeli itazama. Zungusha skrubu kwa vidole mpaka vilale sawa.

Gonga shuu zote kwa kiganja, juu na chini, zikae katikati.

Umefanikiwa ukiona: nyota zote ziko ndani kabisa, upau umekaa kwenye mikato yake, mkono wa hendibreki umerudi nyuma bila kuvutwa na waya, na bitana ni kavu.

## Hatua ya 10: Rudisha dramu na useti

Dramu iingie kwa mkono. Ikikataa, usigonge. Ama nyota haijarudi ndani, ama waya wa hendibreki unavuta, ama shuu haiko katikati.

Funga skrubu zake na gurudumu. Kwa nati ya 46, kaza kwa mkono sasa. Ukazaji kamili, kati ya Nm (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 320 na 350, utafanyika gari likiwa chini. Tundu la spliti pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo. Usirudishe nyuma.

Maliza upande wa pili mpaka hapa, kisha seti. Geuza nyota ya kwanza huku ukizungusha gurudumu mpaka likatae kuzunguka kwa mkono. Mwombe msaidizi akanyage pedeli mara moja, taratibu, shuu zijipange. Gurudumu likilegea, kaza tena. Likibaki limeshika, rudisha meno mawili au matatu, mpaka usikie mkwaruzo mwepesi tu. Fanya vivyo hivyo kwa nyota ya pili.

Mkwaruzo mwepesi unaosikika sehemu moja ya mzunguko unakubalika kwa shuu mpya. Gurudumu zito mzunguko mzima halikubaliki.

## Hatua ya 11: Toa upepo

Jaza kitungi cha mafuta ya breki na usikiache kishuke chini ya nusu.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Vitabu vingi vinasema nyuma kulia, lakini viliandikwa kwa magari yenye usukani kushoto. Gari la usukani wa kulia, kama yetu, masta silinda yake iko kulia, hivyo anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia.

Weka kipande cha ubao chini ya pedeli kisiruhusu ifike sakafuni. Masta silinda ya zamani ina kutu mwishoni, mahali ambapo mipira yake haifiki kila siku. Ukiisukuma mpaka huko, kutu huikata mipira, na masta silinda iliyokuwa nzima asubuhi inavuja jioni.

Chomeka mpira kwenye nipo, ncha ya pili izame ndani ya mafuta kwenye chupa. Msaidizi anakanyaga na kushikilia. Wewe unafungua nipo nusu mzunguko, mafuta yanatoka na mapovu, unafunga, ndipo yeye anaachia. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi. Endeleeni mpaka mafuta yatoke safi bila povu hata moja.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye kitungi. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hushusha kiwango cha kuchemka: DOT 3 mpya inapaswa kustahimili angalau nyuzi 205, iliyonyonya maji 140 tu, DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka mlima Kitonga na mzigo, tofauti hiyo ndiyo breki yako.

Kusoma pedeli ni rahisi. Ikishuka chini, kisha ikapanda ukikanyaga mara mbili za haraka, rudi kuseti. Ikiwa laini na ya kudundadunda, kuna upepo. Ukiishikilia ikashuka polepole, kuna mvujo au masta silinda imechoka.

## Hatua ya 12: Hendibreki

Sasa ndiyo zamu yake. Kaza nati za nyaya mbili kwa usawa mpaka, ukivuta hendibreki meno mawili, magurudumu yote yaanze kukwaruza sawa, na kwenye meno manne hivi yasizunguke kwa mkono. Achia: yote mawili yawe huru. Upande mmoja ukishika kabla ya mwingine, rekebisha nati ya upande huo.

Usitumie nyaya kufidia nyota ambazo hazikusetiwa. Hendibreki itashika, lakini mkono wake utazisukuma shuu muda wote na kupoteza nafasi ya kurudi.

## Hatua ya 13: Jaribio

Shusha gari na ukaze nati za magurudumu kwa Nm 130. Kanyaga pedeli kwa nguvu zako zote kwa nusu dakika, kisha msaidizi aangalie chini kwa tochi. Tone moja likionekana, hutoki.

Jaribu kwanza uwanjani kwa mwendo wa kutembea, halafu kwa kilomita 30 kwa saa. Gari lisimame limenyooka. Baada ya mzunguko mfupi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake, shuu zake zinakwaruza kupita kiasi au hozi haiachii.

Bitana mpya zinahitaji kuzoeana na dramu. Kwa kilomita 200 za mwanzo shika breki mapema na kwa upole, usibebe mzigo mzito, wala usishuke mlima mrefu. Kisha inua gari tena uzungushe nyota upya, kwa sababu bitana zitakuwa zimelala na nafasi imeongezeka. Kwa gari la nati ya 46, kagua pia kukaza kwake siku hiyohiyo. Baada ya hapo seti shuu kila unapobadilisha oili ya injini, na mafuta ya breki yabadilishe yote kila miaka miwili.